Nilimsingizia Gerishom Mbele ya Meneja, Naye Akakubali

"Ni kweli, Bwana Chirau. Ni mimi."

Gerishom alisema hivyo akiwa amesimama karibu yangu mbele ya meza ya meneja, mikono nyuma, macho chini.

Mimi nilimgeukia nikamkodolea macho.

Kwa sababu haikuwa kweli. Yale maneno nilikuwa nimeyatoa mimi muda mfupi kabla, kwa kinywa changu mwenyewe, na nilijua ni uwongo mtupu.

Nilitarajia akatae. Nilijiandaa kwa makelele. Hata machozi nilikuwa nimeyaweka tayari...

Lakini akakubali.

"Unakubali?" meneja aliuliza, kama mtu aliyesikia vibaya.

"Buking za wageni zimepotea kwa mkono wangu. Si kwa mkono wa mtu mwingine."

"Basi kusanya vitu vyako uende."

Akageuka. Alipopita karibu nami alinigusa bega kidogo, vile unavyompa mtu pole msibani.

Jamani, bega hilo liliniwasha mwaka mzima.

Naitwa Twaiba, kwetu ni Msambweni. Haya yalitokea Diani, mwishoni mwa mwaka tisini na nane, kwenye hoteli ambayo sitaitaja. Mimi na Gerishom tulikuwa mapokezi. Yeye alishika kompyuta ya buking, mimi nilishika funguo za vyumba na wageni wenyewe.

Na yote yalianza na gemu ambayo hata ilikuwa haijatoka.

Kulikuwa na mzee mmoja Mholanzi, mgeni wetu wa kila mwaka. Alimpenda Gerishom kwa sababu wote wawili walikuwa wagonjwa wa kompyuta. Safari hiyo alimwachia jarida la magemu. Ndani yake mlikuwa na kurasa kadhaa za gemu iliyokuwa itoke mwaka unaofuata, ya wafalme wa zamani wa Ulaya. Ngome, farasi, mapanga, watu wenye mikufu mizito shingoni.

Gerishom alituletea jarida hilo kantini ya wafanyakazi wakati wa chakula cha mchana, akatusomea.

"Maze, sikizeni. Hii si ile ya kujenga ngome tu na kupigana. Humu ndani kila mtu ana yake kwa roho. Waziri ana yake. Bibi ya mfalme ana yake. Mmoja anataka shamba, mwingine anataka kulipiza kisasi, mwingine anataka mtoto wake arithi kiti. Na hauambiwi. Unafaa ujisomee mtu mwenyewe, kabla akumalize."

"Sasa hiyo tofauti yake na hapa kazini ni nini?" Kibwana aliuliza.

Tulicheka mpaka mpishi akachungulia.

Kibwana alikuwa mhudumu wa baa, kijana wa Bodo, mwili kama mlango. Ndiye rafiki yetu wa tatu.

Basi hatukuweza kungoja. Tukaanza kuicheza wenyewe, kwa midomo na vizibo vya soda juu ya meza ya kantini. Kibwana tukamfanya mfalme kwa sababu ya ule mwili. Gerishom alikuwa waziri. Mimi malkia. Kila mmoja alikuwa na tamaa yake ya siri, na kazi ya wenziwe ilikuwa kuiotea.

Nilikuwa hodari, sisemi uwongo. Nilimtilia Kibwana sumu mara nyingi hata akawa ananusa chai yake kabla hajanywa.

Yeye hakuujua mchezo kabisa. Ukimuuliza tamaa yake, anakwambia.

"Mimi nataka nimuoe Mwanasha, na mama yangu astarehe. Basi."

"Hiyo si siri, Kibwana," namwambia.

"Sina nyingine, dada. Wallahi sina."

"Wewe kwa hii gemu utaenda mapema sana," Gerishom alimwambia.

Na tukacheka tena.

Ngoja niwaambie hali ya hoteli ilivyokuwa. Tangu zile ghasia za Likoni mwaka wa nyuma yake, watu wa bara walipofukuzwa na kuchomewa nyumba, wageni walikuwa wamepungua. Vyumba vilikuwa vikilala vitupu, na tulishaambiwa kuwa baada ya Krismasi watu watapunguzwa. Kisha msimamizi wetu wa mapokezi akapata kazi Mombasa. Bwana Chirau akatuita, mimi na Gerishom.

"Mmoja wenu atachukua nafasi ile. Nitawatazama."

Hakusema zaidi. Lakini sote wawili tulielewa kwamba atakayepata nafasi hapunguzwi, na mwingine Mungu amsaidie.

Tulitoka pale tukitabasamu. Gerishom akanifungulia mlango.

"Malkia," akasema.

"Waziri," nikamjibu.

Tangu siku ile nikawa namsoma. Anaongea na nani. Kwa nini amefika mapema. Kwa nini amemchekea meneja. Ilikuwa kama nimehama kantini, nimekwenda kuishi ndani ya ile gemu.

Halafu, mwanzoni mwa Desemba, mgeni mmoja mpya alifika mapokezi na bahasha kubwa.

"Hii inatoka kwa rafiki wa Gerishom, Mholanzi," akasema.

Gerishom alikuwa hayuko zamu siku hiyo. Nikaifungua. Jarida jipya, na juu yake imebandikwa CD. Imeandikwa kwamba humo ndani mna kionjo cha ile gemu, na wahusika wake wote.

Nilipaswa kuiweka kwenye meza yake.

Sikuiweka. Nilitaka niione kwanza. Nilitaka nijue yale anayoyajua yeye kabla yeye hajayajua, unanielewa? Upuuzi kiasi hicho. Mwanamke mzima.

Alasiri ile ofisi ya nyuma ilikuwa tupu. Ufunguo wake tulikuwa nao mimi na Gerishom tu. Nikafunga mlango, nikatia CD kwenye kompyuta ya buking.

Ilikoroma. Ikatoka ngome. Kisha nyuso, moja moja, na chini ya kila uso maandishi. Kulikuwa na uso wa mwanamke mwenye ushungi mweupe. Nikainama nisome anataka nini...

Skrini ikaganda.

Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale. Wapi. Nikasikia viatu vya mtu kwenye ujia. Nikashikwa na kiwewe, nikachomoa plagi ukutani.

Viatu vilipita. Nikarudisha plagi, lakini sikuthubutu kuiwasha kompyuta. Na CD ilikuwa imebaki ndani, kile kisahani cha kuiwekea kimegoma kutoka.

Nikaenda zangu nyumbani.

Kesho yake nilipofika nilikuta watu wamejaa mlango wa ofisi. Fundi alishaitwa. Buking zote za Krismasi hazimo. Wageni gani wanakuja, siku gani, kupitia maejenti gani, hakuna hata jina moja.

Na CD ilikutwa ndani.

Bwana Chirau aliniita peke yangu kwanza.

"Twaiba, unajua lolote kuhusu hii CD?"

Hapo ndipo ningesema. Neno moja tu, 'ni mimi'. Huenda angenifokea, huenda angenifukuza, lakini ningelala usiku.

"Mwenye mapenzi na hayo magemu ni Gerishom, bwana. Juzi nilimwona nayo."

Akamwita Gerishom. Yaliyofuata nimeshawaambia.

Nafasi nikapewa mimi.

Ramadhani iliingia siku chache kabla ya Krismasi. Nikafunga. Lakini kila jioni nikikaa kufuturu na mama, tende hainishuki. Tumbo nimelifunga, ulimi sikuufunga, na niliyajua uliyoyatenda.

"Mbona husherehekei cheo chako?" mama akaniuliza.

"Nimechoka tu, mama."

Siku moja sikuweza tena. Nilikwenda Ukunda nikamtafuta Gerishom kwenye chumba alichopanga nyuma ya soko. Alikuwa akifua nguo.

"Gerishom, ile CD niliitia mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Wenye ufunguo wa ofisi tuko wawili, Twaiba. Mimi sikuwa kazini. Hiyo ni hesabu ngumu?"

"Basi kwa nini ulikubali?"

Alikamua shati lake, akalitundika, akalinyoosha kola.

"Wewe uko na mama wa kuangalia. Mimi ni mtu mmoja. Sahau hiyo story."

Nililia pale pale, mbele ya karai la maji machafu. Nilimwambia sijui nitamlipa nini.

"Kama unataka kunisaidia," akasema taratibu, "mjomba wako ana kile chumba cha barabarani kiko wazi. Nataka kufungua ofisi ya kupeleka wageni safari."

Nilikwenda kwa mjomba siku ile ile. Nilimsihi mpaka akaniuliza kama huyo mtu ananichumbia.

Gerishom akapata chumba. Na tangu hapo, mgeni akiuliza safari ya Shimba au Wasini, namtuma kwa Gerishom. Mgeni akilalamika kuhusu hoteli yetu, namnong'oneza kuwa kuna nyumba nzuri za kupanga, amwone Gerishom. Nilikuwa napunguza deni la dhambi yangu, ndivyo nilivyojiambia.

Mambo yake yalinyooka upesi ajabu. Mpaka watu wakawa wanauliza wageni hawa wote amewatoa wapi.

Kwetu ilikuwa kinyume. Krismasi ile ilikuwa aibu. Wageni walifika tusiowatarajia, na tuliowaandalia kwa kukisia hawakuja. Maejenti waliuliza kwa feksi tukawa hatuna la kujibu. Baada ya mwaka mpya wenye hoteli wakafunga upande mzima wa vyumba, na baa ya ufukweni.

Wa kwanza kupunguzwa akawa Kibwana.

Alikuja mapokezi kuniaga, begi begani.

"Dada Twaiba, mimi narudi Bodo. Nisalimie wote."

"Inshallah mambo yatatengemaa," nilimwambia, huku nikitafuta namba ya simu ya ofisi ya Gerishom, kwani kulikuwa na mgeni wa kumtumia.

Hata sikuinua uso vizuri. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Mwaka ukaenda. Ramadhani nyingine ikakaribia na nikaona siwezi kufunga tena nikiwa vile. Nikaamua. Nitakwenda kwa Bwana Chirau nimwambie ukweli, nimsafishe Gerishom jina, liwalo na liwe.

Nikaona ni adabu nimwambie Gerishom kwanza. Nikamkuta ofisini kwake, feni inazunguka, picha za ndovu ukutani.

"Kesho nakwenda kwa meneja. Nitasema ni mimi."

Nilidhani atafurahi.

Akainuka akafunga mlango.

"Usiende."

"Kwa nini? Jina lako litasafika."

"Twaiba, nimekuambia usahau."

"Siwezi. Uliangushwa kwa uwongo wangu."

"Wacha mambo ya zamani. Ukienda wataanza kuchimba."

"Wachimbe nini?"

Akavuta droo, akaisukuma tena. Nikamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona. Alikuwa na woga.

"Gerishom, wachimbe nini?"

Alikaa. Alisugua paji la uso kwa kiganja.

"Ile asubuhi nilifika wa kwanza," akasema. "Nikawasha kompyuta. Ikawaka."

"Iliwaka?"

"Ikawaka poa. Buking zote zilikuwa ndani. Wewe hukuharibu kitu. Iliganda tu, hiyo ni kawaida."



"Basi nani..."

"Mimi. Nilikuwa nimeshatoa majina ya wageni na maejenti tangu Novemba. Nilikuwa napanga kufungua hii ofisi, nilikuwa nangoja tu nafasi ya kutoka bila mtu kuangalia nyuma. Nikaona CD yako imekaa pale ndani. Nikafuta kila kitu. Nikasema, sasa wote watalaumu gemu."

"Lakini mbele ya meneja ulikubali..."

"Nilisema buking zimepotea kwa mkono wangu. Zilipotea kwa mkono wangu. Siku ile sikusingiziwa na mtu."

Ndugu zangu, mimi nilidanganya, na uwongo wangu ulikuwa kweli. Sijui kama kuna lugha ya kuelezea jambo kama lile.

"Na hayo ya mama yangu? Mtu mmoja, sijui nini?"

"Ulikuja ukilia. Nikaona... wacha tu nikuache na hiyo."

"Mwaka mzima?"

"Unajua mimi nilivyoishi hapa baada ya zile ghasia?" Sauti ilimpanda kidogo. "Kibanda cha dada yangu kilichomwa Likoni. Kazini nilishasikia wakisema sisi wa bara ndio tutatangulia kupunguzwa. Kila siku nilikuwa naomba ruhusa ya kuishi. Nilitaka kitu changu. Wewe ulitaka cheo, si ulikitaka? Nani hakutaka kitu?"

 Nilikitaka. Siku ile nilimtoa kafara nikiamini kwa moyo wangu wote kwamba hana kosa. Yeye kuwa na kosa hakunipunguzii mimi hata chembe.

Nikafungua mlango. Nje, mama mmoja alikuwa akiuza samaki wa kukaanga kando ya barabara, kijana anapatana naye bei. Na palepale, bila kujua kwa nini, nikakumbuka begi begani, na sauti ikisema 'nisalimie wote'.

Nikamgeukia Gerishom.

"Na Kibwana?"

"Kibwana vipi?"

"Kibwana alitaka nini?"

 

Hatukuwa tumemfikiria. Si yeye, si mimi. Tulikuwa tumeshughulika kusomana sisi kwa sisi.

Kesho yake nilikwenda kwa Bwana Chirau nikasema yote, yangu na ya Gerishom. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Yule mwenzio nilimwona hafai," akasema, "wewe nilikuamini. Tofauti ndiyo hiyo."

Nikaacha funguo mezani. Gerishom naye hakudumu. Maejenti wakaanza kuuliza maswali, na baada ya muda akahamia Mtwapa. Sikumwona tena.

Nilichukua njia ya Bodo. Nilimkuta Kibwana nyuma ya nyumba yao akitengeneza mitego ya kaa. Mwili ulikuwa umepungua.

"Dada Twaiba? Karibu. Habari za Diani?"

Nilimwambia nikiwa nimesimama. Niliogopa nikikaa sitamaliza.

Aliendelea kufunga kamba polepole mpaka nikanyamaza.

"Kwa hiyo baa ilifungwa kwa sababu ya hayo."

"Ndiyo."

"Mwanasha ameolewa Kinango. Kwao walingoja, wakachoka. Siwalaumu."

Nikaanza kulia.

"Usinililie mimi," akasema. Hakupaza sauti. "Ingia ndani ukamwambie mama. Yeye mpaka leo anaamini nilifukuzwa kwa ulevi."

"Ulevi? Lakini wewe hukuwahi..."

"Mtu wa baa akirudi kijijini na begi, watu watasema nini? Nimeapa mpaka nimechoka. Tangu nirudi, mama hali kitu ninachokileta. Anasema mkono wangu ni wa haramu."

Nilibisha hodi kama mwizi anayebisha nyumba aliyoiba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Wewe wa nani?"

Alikuwa mama mfupi, leso kichwani, anachambua mchele kwenye uteo. Nilikaa mkekani, nikamweleza. Kwamba mwanawe hakunywa. Kwamba hakuiba, hakugombana na mtu. Kwamba kuna watu wawili waliokuwa wakigombea vyao, na yeye akaangukiwa.

Alichambua mchele muda wote. Nilipomaliza akauweka uteo chini.

"Hata tone?"

"Hata tone, mama. Naapa kwa Mungu."

Alifumba macho. Midomo yake ilikuwa ikitikisika, sijui alikuwa akisoma dua au akijilaumu. Kisha akaniuliza:

"Mamako yu hai?"

"Yu hai."

"Anayajua haya?"

"Hajui."

"Basi nenda ukamwambie. Mzigo wako usije ukautua wote hapa kwangu."

Akainuka, akaenda mlango wa nyuma, akaushika mwimo.

"Kibwana," akaita. Sauti ilikuwa ngumu kutoka. "Wale kaa uliowapata leo... walete niwapike."

 Kisha nikasikia mitego ikianguka chini, na Kibwana, lile jitu zima, akilia kama mtoto.

Mimi nilitoka kwa mlango wa mbele. Kile kilio hakikuwa changu kukisikiliza.

Nilifika Msambweni kabla ya Magharibi nikamwambia mama. Alinisikiliza mpaka mwisho, na aliniuliza kitu kimoja tu.

"Na wewe cheo chenyewe ulikipenda?"

Nilifikiri sana. Nikamwambia sikumbuki.

Nyinyi mnaosoma, nisikilizeni. Hatia ni kitu cha kuogopa, lakini ogopeni zaidi hatia isiyouliza maswali. Mimi nilibeba yangu mwaka mzima nikampelekea mtu ambaye hakuihitaji, nikajiona nimetubu. Aliyeumia alisimama mbele yangu akaniaga, na sikumwona, kwa sababu hakuwa adui wala mpinzani. Alikuwa rafiki tu.

Kama kuna mtu ulimkosea, usimtafute yule aliye karibu tu. Tafuta aliyenyamaza. Nenda mpaka mlangoni kwake, na ukifika, uulize ni nani mwingine ndani ya nyumba ile anayengoja kuusikia ukweli.